Mwalimu, ile filamu ya Anne Frank, kati yetu nani kaielewa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro. Jumamosi tuliangalia ile filamu ya zamani isiyo na rangi, The Diary of Anne Frank, ya yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi na familia yake Uholanzi akawa anaandika shajara, tulikuwa mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 14 na shemeji yangu, na tumemaliza kwa kubishana mpaka usiku. Mume wangu anasema inaboa, masaa matatu watu wamejifungia ndani. Mimi huyo Anne alinikera, anavyomjibu mama yake hata sikuamini. Binti yangu kamchukia yule mzee van Daan aliyeiba mkate, mpaka leo akimtaja anakunja uso. Shemeji naye anasema filamu inadanganya, watu karibu wote wamekufa halafu inatumaliza kwa maneno matamu. Nimewauliza na majirani walioiona, kila mtu na lake. Nani yuko sahihi? Na kuna toleo lingine naweza kumwonyesha binti yangu?

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana hii filamu nimeishi nayo, nimefundisha maigizo miaka mingi na darasani nimeiweka sijui mara ngapi, na kila mara darasa linagawanyika vilevile kama sebule yako ilivyogawanyika. Jibu langu ni hili: wote wanne mmeona kitu cha kweli, ila wewe na binti yako mmewakasirikia watu kwa mambo ambayo mengine hawakuyafanya kabisa, yametungwa, na shemeji yako kagusa kidonda ambacho watu wanakibishania tangu miaka ya 50. Ngoja niende na mmoja mmoja, nianze na mzee wa nyumba.

Mwambie mumeo hajakosea, inaboa, na kuboa kwake ndo ukweli wenyewe wa hiyo stori. Ile nyumba ipo kweli, Prinsengracht namba 263 pale Amsterdam, mbele kulikuwa na ofisi ya baba yake Anne, Otto Frank, kampuni yao ilikuwa inauza pektini, ile dawa ya kugandishia jemu, na chini kulikuwa na ghala lenye wafanyakazi ambao hawakuambiwa kitu chochote. Familia ya Frank waliingia mafichoni tarehe 6 Julai 1942, siku moja tu baada ya Margot, dada mkubwa, miaka 16, kuletewa karatasi ya kuitwa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Wiki moja baadaye ikaja familia ya pili, baba mama na kijana wao, afu mwezi wa kumi na moja akaja daktari wa meno, wakawa 8. Wakakaa humo mpaka tarehe 4 Agosti 1944. Piga hesabu mwenyewe, zaidi ya siku 750 hakuna hata mmoja aliyetoka kwenda dukani kununua kiberiti. Na kuanzia saa 2:30 asubuhi wafanyakazi wa ghalani wakishaingia ilikuwa ni kutembea na soksi, bomba halifunguliwi, choo hakivutwi, mtu akibanwa na kikohozi anakimeza, mpaka mchana watu wa chini wakienda kula ndo unapata nafasi ya kupumua kidogo, afu tena kimya mpaka saa 11:30 jioni.

Sasa muongozaji George Stevens angeweza kuruka hayo yote akatupa mabomu na mbio, lakini aliamua tukae nao. Studio ilimlazimisha apige kwa ile skrini pana sana, iliyotengenezwa kwa ajili ya jangwa na farasi, yeye hakuitaka, basi akaweka nguzo na maboriti pembeni ya picha ili ule upana wote ubanwe, ukiangalia tena utaona karibu kila kipande kuna mbao inakukandamiza. Muulize mumeo kwenye kile kipande cha paka jikoni, wakati kule chini ofisini watu wanapekuapekua na tochi, alisinzia? Sijawahi kuona mtu anasinzia pale. Unakuwa umeshakaa na ukimya muda mrefu, kwa hiyo sahani ikitikisika kidogo moyo unaruka. Huo mruko usingeupata bila ule uchovu uliotangulia. Nakubaliana naye kwenye kitu kimoja tu, mapenzi ya Anne na Peter yamevutwa mno, hapo hata mimi ningekata dakika 15 na nisingejuta.

Haya, sasa tuje kwako wewe dada yangu, na naomba unisikilize kidogo maana hapa nina la kusema kama mzazi pia.

Anne aliingia mafichoni ana miaka 13, alikamatwa ana 15. Yale unayosikia akimwambia mama yake, mengi chanzo chake ni daftari, yaani ni maneno ya mtoto aliyekuwa anaandika peke yake usiku kwa hasira, kama ambavyo binti yako pengine anaandika kwenye simu yake vitu ambavyo hutakaa uvione. Kuna tofauti kubwa ya kumwaza mama yako vibaya na kumwambia usoni, na kwenye filamu vile vilivyokuwa vya daftarini vimegeuzwa kuwa mazungumzo, kwa hiyo anaonekana mkali kuliko alivyokuwa mezani. Halafu kuna kitu filamu haikukibeba vizuri. Mwanzoni mwa Januari 1944 Anne alifungua kurasa zake za nyuma akasoma aliyoyaandika kuhusu mama yake, akaona aibu, akaandika kwamba hakumtendea haki, kwamba wote wawili walikuwa wanaumizana. Hapo ana miaka 14, rika la binti yako. Ni watu wazima wangapi unawajua wanaorudi kusoma maneno yao ya mwaka jana na kusema hapa nilikosea? Na miezi michache baadaye, mwishoni mwa Machi, walisikia kwenye redio waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London akiomba watu watunze shajara na barua zao za wakati wa vita, basi yule mtoto akaanza kuiandika upya shajara yake yote, anakata, anapanga, anapunguza ukali, akiwa na nia ya kuwa mwandishi. Kwa hiyo yule unayemwona anaropoka, nyuma yake kulikuwa na mtu anayejihariri kila siku.

Na mama yake, Edith. Huyu ndo ananiuma kuliko wote maana watazamaji wengi wakimaliza wanasema mama alikuwa baridi, hana upendo. Walipokamatwa walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na wanawake waliokuwa naye huko na wakapona walisimulia kwamba alikuwa anajinyima mkate wake anawawekea mabinti. Walipotenganishwa, mabinti wakapelekwa kambi nyingine ya Bergen-Belsen, yeye akabaki, akafa tarehe 6 Januari 1945 kwa njaa na ugonjwa, wiki tatu tu kabla ya wanajeshi wa Urusi kufika. Kwa hiyo ukikereka na Anne kereka tu, ni haki yako, hata mimi kuna vipande ananikera, ila usimalize stori ya hao wawili pale filamu inapoishia.

Halafu mnapomlaumu mwigizaji, maana najua na hilo lipo, Millie Perkins alikuwa mwanamitindo hajawahi kuigiza, watu wengi wanamwona mpole mno, kama malaika. Nafasi hiyo aliombwa kwanza Audrey Hepburn akakataa. Hepburn kazaliwa 1929, mwaka uleule wa Anne, na vita yote aliipitia hukohuko Uholanzi chini ya Wajerumani. Mi namwelewa kabisa kwa nini alishindwa.

Sasa mkate. Dada hili mweleze binti yako taratibu, tena mkiwa mmekaa.

Kile kipande cha usiku, mzee van Daan anashuka kwa kunyata anachukua mkate wa watoto, mama Frank anamkamata, anapandisha hasira anataka wafukuzwe, ndicho kipande kinachokumbukwa na kila mtu, na kimeigizwa vizuri kweli. Lakini hakimo kwenye shajara. Waandishi wa tamthilia ambayo filamu imetokana nayo, mke na mume, Frances Goodrich na Albert Hackett, walikitunga. Tamthilia ilianza Broadway, kule New York, tarehe 5 Oktoba 1955, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na filamu ya 1959 iliandikwa na haohao wawili, mkate ukahamia nao. Walihitaji mgogoro wa kupandisha sehemu ya pili, na mtu wa kubeba ubaya humo ndani maana Wanazi wenyewe hatuwaoni karibu filamu nzima, tunawasikia tu buti zao barabarani. Kwenye maigizo ni jambo la kawaida, mi mwenyewe ndo nafundisha hivyo, mgogoro lazima uwe na mwili. Shida inakuja pale ambapo huyo unayempa wizi ni mtu aliyekuwepo.

Van Daan ni jina la kubuni ambalo Anne mwenyewe aliwapa alipokuwa anaandika upya. Jina lake la kweli ni Hermann van Pels, mtaalamu wa viungo vya nyama na soseji, mwenzake Otto kwenye biashara, na ni kweli kwenye shajara yumo kama mtu wa kulalamika, sigara zikimwishia nyumba nzima inajua, anagombana na mkewe kuhusu koti lake la manyoya lililouzwa. Yote hayo yameandikwa. Wizi wa mkate haujaandikwa. Aliuawa Auschwitz mwaka huohuo 1944 kwa gesi, na mkewe Auguste naye alikufa kwenye kuhamishwahamishwa, na Peter alifia kambi ya Mauthausen Mei 1945, vita inaisha. Familia nzima imekwisha, hakuna aliyebaki wa kusema jamani baba yangu hakuwa mwizi. Miaka ya mwanzo nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawaambia wanafunzi habari ya ule mkate kama historia, nilikuwa bado sijaisoma shajara kurasa kwa kurasa, na nilipokuja kuisoma ilibidi nirudi darasani niwaambie. Mpaka leo ni kipande ambacho siwezi kukiangalia nikastarehe.

Na yule daktari wa meno ni mbaya zaidi, maana yeye alikuwa na mtu aliyebaki. Kwenye filamu anaitwa Dussel, anachekesha, analalamika kuhusu paka, na kwenye kile kipande cha sikukuu ya Kiyahudi ya Hanuka anaonekana mtu asiyejua hata dini yake inasema nini. Jina lake halisi ni Fritz Pfeffer, na alikuwa mtu wa dini, Kiebrania anakijua, anasali. Alikuwa na mwenzi wake, Charlotte Kaletta, ambaye hakuwa Myahudi, wasioruhusiwa kuoana kwa sababu ya sheria za Wanazi, na kipindi chote yule bwana amejificha huyu mama alikuwa yupo Amsterdam hiyohiyo, wanaandikiana barua kupitia Miep, karani wa Otto aliyekuwa anawasaidia, hajui amejificha mtaa gani. Mwenzake akafia kambi ya Neuengamme Desemba 1944. Afu miaka kumi na kitu baadaye dunia nzima inamcheka jukwaani. Charlotte aliwaandikia waandishi akalalamika kwamba wamemfanya mtu mjinga ambaye hakuwa hivyo. Haikubadilika kitu. Sasa huyo naye ni mtazamaji dada yangu, na maoni yake mi nayaweka juu ya ya wakosoaji wote wa magazeti.

Otto Frank mwenyewe hakuiona ile tamthilia. Aliisaidia, aliwajibu waandishi maswali yao, alikuwa anawaandikia barua waigizaji, lakini kuingia ukumbini akakaa kwenye kiti akaangalia mke wake na watoto wake wanaigizwa, hakuweza.

Ila nisiwe mchoyo, yule mama van Daan, Shelley Winters, aliigiza kwa moyo wote, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na ile sanamu hakukaa nayo nyumbani kwake, aliipeleka kwenye jumba la makumbusho la Anne Frank. Filamu ilipata Oscar tatu kwa jumla, hiyo yake, ya picha na ya mandhari.

Nije kwa shemeji. Huyu kaona mbali, na hajui kaona mbali kiasi gani.

Filamu inaanza na Otto anarudi peke yake baada ya vita, kwa hiyo kwa juujuu hawakutuficha, tangu dakika ya kwanza mtu makini anajua hawa wengine hawapo. Mwishoni polisi wanavunja mlango, tunarudi kwa Otto, anasimulia kwa mdomo yaliyowapata, afu tunasikia lile neno la Anne kwamba pamoja na yote bado anaamini watu wana moyo mwema, na mawingu, na muziki. Shemeji anasema huo ni uongo. Sasa sikiliza. Stevens alikuwa amepiga mwisho mwingine, Anne akiwa kambini. Wakaipeleka kwenye onyesho la majaribio, wakawekwa watazamaji wa kawaida kabisa kama nyie, na watazamaji hawakuupenda, wakaona mzito mno. Ukaondolewa. Yaani ule mwisho mtamu ambao shemeji yako anaukasirikia, aliyeuamua kwa sehemu kubwa ni mtazamaji. Watu wanafikiri maoni ya watazamaji yanakuja baada ya filamu kwisha, hapa yaliingia ndani yakabadilisha filamu yenyewe.

Na kinachonisumbua ni nani aliyekubali kukata. George Stevens hakuwa mtu wa kuambiwa kambi za mateso zikoje. Mwaka 1945 alikuwa afisa wa jeshi la Marekani anaongoza kikosi cha kupiga picha, aliingia kambi ya Dachau siku zile ilipokombolewa, alipiga picha maiti zilizojaa kwenye mabehewa, na picha zilizokusanywa na vikosi vya namna hiyo chini ya usimamizi wake zilionyeshwa mahakamani Nuremberg, kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi, kama ushahidi. Kabla ya vita alikuwa anatengeneza filamu za vichekesho, aliporudi hakuzitengeneza tena. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye haki kuliko karibu kila muongozaji wa Hollywood ya kutuonyesha kambi, alituonyesha, na sisi tukasema hapana, punguza. Simlaumu sana. 1959 ilikuwa miaka 14 tu tangu vita iishe, ukumbini kulikuwa na watu waliopoteza ndugu.

Lile neno lenyewe nalo Anne aliliandika kweli, siyo la kutunga, liko kwenye shajara tarehe 15 Julai 1944, wiki tatu kabla ya kukamatwa. Lakini alipoliandika halikuwa mwisho. Hapohapo anaendelea kusema anaona dunia inageuka pole pole kuwa jangwa, anasikia radi inakaribia ambayo itawaua na wao, anaona mateso ya mamilioni ya watu, na pamoja na hayo akitazama mbinguni anahisi mambo yatakaa sawa. Sentensi moja ya matumaini imekaa katikati ya hofu, huku na huku. Filamu imeichomoa ikaiweka juu ya mawingu. Ni kama mtu achukue barua ya msiba akakusomea salamu tu. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, ambaye naye alifungwa Dachau na Buchenwald kabla ya vita, aliandika kwa hasira kuhusu mwisho huo, hoja yake ni kwamba kama watu wote ni wema basi Auschwitz haikuwepo, tunaruhusiwa kuisahau. Hapo yeye na shemeji yako wako benchi moja. Ila Bettelheim alienda mbele akailaumu na familia yenyewe kwa kujificha wote pamoja badala ya kugawana, na hapo mi namwacha. Kumwambia baba kwamba angewatawanya watoto wake kwa watu baki, ni rahisi ukiwa umekaa Chicago kama yeye.

Na sitaki shemeji afikiri kwamba mwisho laini haukufanya kazi yoyote. Tarehe 1 Oktoba 1956 tamthilia ilizinduliwa Ujerumani, kwenye miji kadhaa usiku mmoja. Berlin Magharibi pazia liliposhuka watu hawakupiga makofi. Walikaa kimya, afu wakainuka wakatoka bila kuangaliana. Hao ni watu ambao miaka 12 nyuma baadhi yao walikuwa wameona jirani zao wanapakiwa kwenye malori. Machi 1957 vijana kama 2,000 walisafiri kutoka Hamburg kwenda Bergen-Belsen kuweka maua, mahali ambapo kabla ya hapo karibu hakuna Mjerumani aliyekuwa anataka kupasikia. Kwa hiyo mimi na huu mwisho tunasumbuana, nikiuangalia kama mwalimu wa skripti nasema umelegea, nikikumbuka ule ukumbi wa Berlin nanyamaza.

Binti yako atauliza tu, maana wangu aliuliza, kwa nini hawakukimbia. Walikimbia. Walitoka Frankfurt Wanazi walipoingia madarakani 1933, Amsterdam ndiko walikokimbilia. Vita ikawakuta huko 1940. Otto alihangaika 1941 kupata viza ya Marekani, milango ikafungwa, akahangaikia ya Cuba, ikatoka moja ya jina lake tu tarehe 1 Desemba 1941, na siku kumi baadaye Ujerumani na Marekani wakatangaziana vita ikafutwa. Uholanzi ni tambarare, hakuna mlima wa kujificha na misitu ni michache. Kati ya Wayahudi kama 140,000 waliokuwepo kule, zaidi ya 100,000 waliuawa.

Na akiuliza nani aliwachoma, filamu inakuelekeza kwa yule mwizi wa usiku. Wezi waliingia kweli kule chini, zaidi ya mara moja, na Pasaka ya 1944 polisi walifika mpaka kwenye lile kabati la vitabu lililoficha mlango, wakalitikisa wakaondoka. Lakini aliyetoa taarifa, kama alikuwepo, polisi wa Uholanzi walichunguza 1948 na tena 1963 na hakuna mtu aliyethibitishwa. Mwambie hivyohivyo, asibaki na jibu la filamu.

Sasa toleo la kumwonyesha. Kwa mtoto wa miaka 14 mi ningeanza na ile ya BBC ya 2009, imegawanywa vipande vifupi, Anne anaigizwa na Ellie Kendrick, na hapo utamwona mtoto msumbufu, mcheshi, mwenye tamaa ya maisha, pengine atakukera zaidi kuliko huyu wa 1959 lakini utamwelewa. Ya 2001, Anne Frank: The Whole Story, Ben Kingsley ndo Otto, inakwenda mpaka kambini, inaonyesha kile walichokikata 1959. Shemeji yako aiangalie hiyo. Binti yako subiri kwanza, au kaa naye mkono kwa mkono, na usiizime katikati, maana ukiizima picha iliyoganda kichwani ndo mbaya zaidi. Kuna watu wanasema 14 ni mdogo mno. Margot alikuwa 16 kwenye ile karatasi.

Na mumeo mwekee ile ya 2023, A Small Light, vipindi 8, imegeuza kamera, tunafuata yule karani wa ofisini, Miep Gies, anavyozunguka mjini kutafuta mboga za watu 8 zaidi, kuponi za magendo, anatabasamu kwa askari huku kikapu kimejaa viazi vya watu ambao kisheria hawapo. Hapo kuna mbio anazozitaka, na ataona kazi iliyokuwa inafanyika nje wakati yeye anahesabu dakika pale sebuleni. Wasaidizi walikuwa wachache, Miep na mumewe Jan, Bep, Kugler na Kleiman, na mzee Voskuijl baba yake Bep aliyelitengeneza lile kabati. Kugler na Kleiman walikamatwa siku ileile wakapelekwa kambini, wakapona. Miep alipanda juu siku hiyo akakuta karatasi zimemwagwa sakafuni, akaziokota na Bep, akaziweka kwenye droo yake bila kuzisoma, na Otto alipopata uhakika kwamba watoto wamekufa, akampa. Kitabu kikatoka Juni 1947.

Na kama baada ya yote binti yako atataka kuisoma shajara yenyewe, mpe, hata kama Kiingereza chake bado kinasuasua. Kuna sehemu ya kuchekesha kweli, Peter anapandisha magunia ya maharage ghorofani, gunia moja likapasuka, maharage yakatiririka ngazi nzima kama mvua ya mawe, Anne amesimama chini yamemfika miguuni, na kelele ile ingewaua kama ghala lingekuwa na watu, lakini halikuwa na mtu, wakabaki wanacheka. Siku nyingi baadaye walikuwa bado wanaokota maharage kwenye nyufa. Humo utamkuta na Hermann van Pels anatengeneza soseji jikoni na aproni yake, uso umemwiva, fundi kwenye kazi yake. Anzeni na ukurasa huo.